Weupe kwenye pevingi na matofali: unatoka wapi na uondolewe vipi

Pevingi mpya ikishanyeshewa mara chache na kukauka, mara nyingi hutoa utandu mweupe. Mahali pengine ni ukungu mwembamba uliofifisha rangi, mahali pengine ni unga unaobaki kidoleni ukigusa. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi anamlaumu mwenye kiwanda, na mwishowe mmoja wao ananunua asidi. Madhara mengi ya kudumu huanzia hapo, kwa sababu weupe wa zege na weupe wa tofali la kuchoma hufanana kwa macho tu. Wa zege kwa kawaida ni chokaa iliyokwisha kuwa jiwe: haiyeyuki kwa maji, lakini ukiiacha huisha yenyewe. Wa tofali kwa kawaida ni chumvi inayoyeyuka upesi, na kila unapoimwagia maji unairudisha ndani ili itoke tena. Dawa inayofaa upande mmoja inaweza kuharibu upande wa pili.

Hata hivyo njia ni moja. Ndani ya kila kitofali kuna matundu madogo yasiyoonekana, na maji hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yakifika juu yanageuka mvuke na kuondoka, na kile yalichokibeba kinabaki. Kwa hiyo lazima viwepo vitu vitatu kwa pamoja: chumvi, maji ya kuibeba, na upenyo wa kupitia. Kimoja kikikosekana, weupe hautoki. Chumvi huwezi kuimaliza, imo ndani ya saruji na ndani ya udongo wenyewe. Matundu nayo hayaishi. Kinachobaki mikononi mwako ni maji, na ndiyo maana kazi hii ni ya kuongoza maji kabla ya kuwa ya kusugua.

Chokaa ya zege

Saruji ikichanganywa na maji haitoi gundi peke yake. Pamoja na ile gundi inayoshika mchanga na kokoto, huzaliwa kalsiamu hidroksaidi, yaani chokaa ile ile ya kupaka ukuta, na huchukua takriban asilimia 20 hadi 25 ya ujazo wa saruji iliyokomaa. Lita moja ya maji ya nyuzijoto 20 huyeyusha gramu 1.7 hivi za chokaa hiyo. Tena, kinyume cha chumvi nyingi, chokaa huyeyuka zaidi kwenye maji baridi kuliko kwenye maji ya moto.

Maji hayo yakifika juu, chokaa hukutana na hewa ya ukaa na kugeuka kalsiamu kaboneti, madini yale yale ya mawe ya chokaa. Hapo umumunyifu wake huporomoka: lita ya maji safi huyeyusha miligramu 14 hivi tu, pungufu zaidi ya mara 100. Ndiyo sababu weupe wa siku moja au mbili unaweza kuondoka kwa mpira wa maji na brashi, lakini ule ule ukikaa mwezi haushtuki hata kwa presha ya mashine.

Kinachoamua kama utauona au hutauona ni mahali ambapo mgeuko huo unatokea. Kukiwa na jua na upepo mkavu, maji hukauka yakiwa bado ndani, chokaa inakuwa jiwe humo humo kwenye matundu, na hata husaidia kuyaziba. Kukiwa na ubaridi na manyunyu ya mfululizo, maji hufika hadi juu kabisa taratibu, na chokaa yote hutuama usoni. Kwa hiyo vitofali vya mchanganyiko mmoja, mashine moja na kiwanda kimoja vinaweza kutofautiana kwa sababu tu vilikauka siku tofauti. Kuchanganya vitofali kutoka mafungu matatu au manne wakati wa kupanga hakuzuii weupe, lakini hufanya tofauti hizo zisijitenge kama viraka.

Weupe wa kwanza kabisa hutoka na maji ya kuchanganyia, zege linapokomaa. Huu hupatikana sana kwenye vitofali vilivyorundikwa vikiwa bado na unyevu na kufungwa nailoni gubigubi. Jasho la nailoni hudondoka, huingia katikati ya vitofali vilivyolaliana, halafu hukaukia pembeni. Ukifungua fungu unakuta kila kitofali kina pete nyeupe au alama ya mwenzake aliyekuwa juu yake. Zege lililomwagwa pale pale na kufunikwa nailoni wakati wa kulitunza hupata mabaka ya namna hiyo hiyo: nailoni ilipogusa panakuwa na rangi moja, ilipovimba panakuwa na nyingine. Weupe wa pili huja baadaye, kwa maji yanayotoka nje, yaani mvua, umwagiliaji au maji ya chini ya ardhi. Huu ndio unaoweza kudumu miaka kama chanzo cha maji hakijazibwa.

Vitofali vyeusi na vyekundu vilivyotiwa rangi hulaumiwa zaidi, ingawa chokaa ni ile ile iliyomo kwenye vya kijivu. Huko inaonekana tu. Mara nyingi mtu husema rangi imepauka, kumbe rangi iko salama chini ya utandu.

Kinachostahili kujulikana kuliko yote ni kwamba weupe huu wa zege kwa kawaida huisha bila kuguswa. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa na kuwa na uasidi kidogo. Yakipita juu ya kaboneti huigeuza kuwa bikaboneti inayoyeyuka, na mvua inayofuata huiondoa. Nyayo na magurudumu husaidia kusugua. Wakati huo huo chokaa iliyo karibu na uso inapungua na matundu yanazibika. Huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka au miwili kwenye sehemu zenye kivuli. Sehemu iliyoezekwa hubaki nyeupe muda mrefu zaidi kuliko iliyo wazi, kwa sababu mvua haiifikii.

Chumvi ya tofali la kuchoma

Tofali la udongo halina chokaa ya saruji. Weupe wake kwa kawaida ni salfeti, yaani chumvi zenye salfa: za sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kalsiamu. Nyingine zimo kwenye udongo tangu machimboni, nyingine hutokana na salfa ya kuni, makaa au mafuta yaliyochomea tanuru, nyingine huingia na maji ya kufinyangia. Tofali lisiloiva vizuri ni baya mara mbili, maana moto haukuvunja salfeti zilizomo na matundu yake yamebaki wazi. Viwanda vinavyojua udongo wao una salfeti huchanganya kiasi kidogo cha bariamu kaboneti, ambayo huikamata salfeti na kuifanya bariamu salfeti isiyoyeyuka, ikabaki humo humo.

Tofali linaweza kupimwa kabla ya kununua mzigo mzima. Chukua matofali matano bila kuchagua, yasimamishe kwa ncha kwenye trei yenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, kina cha milimita 25. Maji ya bomba hayafai kwa sababu yana chumvi zake. Weka mahali pakavu penye hewa, acha maji yapande na kukaukia juu. Kipimo cha Marekani huacha matofali hivyo kwa siku 7. Kipimo cha India hungoja maji yaishe, huongeza kiasi kile kile, kisha hungoja tena. Halafu angalia. Kwa madaraja ya India, utandu usiozidi asilimia 10 ya uso ni mdogo, hadi asilimia 50 ni wa wastani, zaidi ya hapo ni mkubwa, na tofali likianza kumomonyoka au kuvua magamba ni hatari. La daraja la mwisho lisikanyagwe wala kunyeshewa, yaani kwa kutandika nje halifai kabisa.

Kumomonyoka huko ndiko kunakotenganisha suala la sura na suala la uimara. Chumvi ikikauka juu ya uso inaudhi macho tu. Ikikauka milimita chache chini ya uso, fuwele zake hukua ndani ya matundu na kuyasukuma. Sodiamu salfeti ndiyo mbaya zaidi. Chini ya nyuzijoto 32.4 huweza kushika molekuli 10 za maji kwa kila moja yake, na ujazo wake huongezeka zaidi ya mara tatu. Mchana jua likichoma hukauka, usiku unyevu ukirudi huvimba, na mzunguko huo ukijirudia tofali huanza kutoa magamba na unga mwekundu. Ukiona unga mwekundu pamoja na mweupe, acha kuwaza kusafisha, tafuta maji yanakoingilia.

Madoa ya kijani au manjano kwenye tofali jepesi kwa rangi mara nyingi ni chumvi za vanadiamu. Haya usiyaguse kwa asidi ya haidrokloriki. Huigeuza vanadiamu kuwa doa la kahawia au jeusi ambalo kulitoa ni kazi kubwa kuliko ile ya mwanzo.

Pima kabla ya kushika brashi

Watu wengi humwaga maji, wakiona weupe umepotea husema ni chumvi inayoyeyuka. Kipimo hicho kinadanganya. Utandu mwembamba wa kaboneti nao hupotea machoni ukiloa, kwa sababu maji huufanya upitishe mwanga, kisha hurudi vile vile ukikauka.

Fanya hivi. Kwangua weupe kwa kipande cha plastiki hadi upate nusu kijiko cha chai. Gawa mara mbili. Sehemu moja iweke kwenye glasi ya maji safi na ukoroge: ikipotea yote ni chumvi nyepesi, ikizama na kubaki si hiyo. Sehemu ya pili idondoshee siki: ikitoa povu ni kaboneti. Isipoyeyuka na isipotoa povu, huenda ni kalsiamu salfeti, yaani jasi, ambayo lita ya maji huyeyusha gramu 2 hivi tu na asidi haiisumbui sana. Angalia tu usikwangue kitofali chenyewe, maana vumbi la zege nalo hutoa povu.

Kipimo hiki ni cha lazima kwa sababu aina ya kitofali haitoshi kukupa jibu. Matofali ya kuchoma yaliyolazwa juu ya udongo wa saruji hutoa kaboneti kwenye maungio, imetoka kwenye saruji iliyo chini yake. Zege lililo karibu na bustani yenye mbolea linaweza kutoa salfeti na naitreti.

Yako pia mambo yasiyo chumvi. Saruji iliyopakazwa wakati wa kujaza maungio hutoa povu kwa siki, lakini hufuata mkono wa sponji na ilionekana siku ile ile ya kazi. Kuvu na kuvumwani, yale magamba yanayoota juu ya mawe, hupenda kivuli, hazitoi povu, na hubadilika rangi kwa dawa ya kupaushia nguo. Dawa ya kuziba uso iliyopakwa juu ya zege lenye unyevu hugeuka maziwa: huo ni unyevu ulionaswa ndani ya utando. Mchanga wenye gundi wa kujazia maungio usiofagiwa vizuri kabla ya kumwagiwa maji nao huacha ukungu mweupe.

Kuondoa kwenye tofali

Kavu kwanza, kila mara. Ngoja siku kadhaa za ukame ili chumvi itoke kadiri inavyoweza, kisha sugua kwa brashi ngumu ya nailoni au nyuzi za mimea. Brashi ya waya usiitumie, huacha chembe za chuma zinazopata kutu. Unga uzoe kwa kifyonza vumbi au kizoleo na uutupe mbali. Kuufagilia kwenye maungio ni kuihifadhi chumvi kwa ajili ya mvua ijayo. Malizia kwa sponji iliyokamuliwa, ukibadilisha maji mara kwa mara. Rudia kila weupe unapotoka tena. Kila safari inapaswa kuwa na unga kidogo kuliko iliyotangulia, na ikiwa haupungui basi kuna maji mapya yanayoleta chumvi mpya.

Kwa chumvi iliyozama, mafundi wa majengo ya kale hutumia kibandiko: karatasi isiyo na wino iliyolowekwa na kupondwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, hubandikwa unene wa milimita 10 hadi 20 na kuachwa ikauke kabisa. Maji huingia ndani ya tofali, huyeyusha chumvi, halafu hukaukia kwenye karatasi na kuiacha humo. Ni kazi ya polepole, inafaa eneo dogo.

Asidi kwenye zege, ikibidi

Ngoja msimu mmoja mzima wa mvua kabla ya kufikiria asidi. Sababu ni kwamba asidi haichagui: inakula kaboneti, na ikimaliza inakula saruji yenyewe. Uso unakuwa na chembe za mchanga zilizo wazi, rangi inabadilika, na matundu yanafunguka zaidi, kwa hiyo chokaa iliyobaki inapata njia rahisi zaidi ya kutoka.

Ukiamua, anza na asidi ya sitriki, gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji. Ni salama zaidi na ni ya taratibu. Asidi ya haidrokloriki ya dukani, yenye nguvu ya asilimia 30 hivi, isizidi sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, na ianze na 1 kwa 20. Maji yatangulie kwenye ndoo ya plastiki, asidi imiminwe ndani yake, kamwe si kinyume. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu za mpira na buti. Usiruhusu ikutane na dawa ya kupaushia, hutoa gesi ya klorini inayoua.

Jaribu kwanza kwenye vitofali viwili vitatu vya kificho na ungoje vikauke kabisa, maana rangi ya kweli haionekani kikiwa kimeloa. Kabla ya kumwaga asidi, lowesha eneo hadi matundu yashibe maji lakini pasiwe na madimbwi. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na bila hiyo kitofali kikavu hufyonza asidi hadi ndani ambako hutaifikia kwa suuza yoyote. Fanya mita moja au mbili za mraba kwa wakati. Mwaga kwa kopo la kumwagilia la plastiki, sugua, na povu likitulia, dakika 3 hadi 5 hivi, suuza mara moja kwa maji mengi. Usiache ikauke. Asidi ya haidrokloriki ikila chokaa huacha kalsiamu kloridi, ambayo nayo ni chumvi inayoyeyuka na kuvuta unyevu. Ya sitriki huacha kalsiamu sitreti, isiyoyeyuka kirahisi, na ikikaukia hapo unapata weupe mwingine wa mkono wako mwenyewe. Baada ya haidrokloriki pitisha maji yenye baking soda, gramu 60 kwa lita, kisha suuza tena. Maji machafu yaelekeze mbali na mimea na vyuma.

Dawa ya kuziba uso ije mwisho, weupe ukiwa umekoma wenyewe. Ile inayotengeneza utando unaong'aa hunasa unyevu na chumvi chini yake, na kwenye tofali hilo ndilo linaloleta magamba. Za silani na siloksani, yaani za jamii ya silikoni, huingia ndani ya matundu, hufukuza maji ya mvua lakini huruhusu mvuke kutoka. Hata hizo hazifai mahali ambapo maji yanapanda kutoka chini. Kupima unyevu, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kwa gundi ya mkanda pande zote, acha angalau saa 16. Ukikuta jasho chini yake au zege limekoza rangi, bado.

Weupe unaonyesha maji yanakotoka

Mahali weupe ulipo panaeleza kosa lilipo. Mstari kando ya ukuta ni matone ya paa au bomba la mvua linaloishia juu ya pevingi. Bonde jeupe katikati ya uwanja ni mteremko uliokosekana, na unahitaji milimita 15 hadi 20 kwa kila mita. Mwambao mweupe kando ya kitanda cha maua ni maji ya kumwagilia na mbolea yanayopenya pembeni, hivyo kitanda kiwekewe kizuizi cha plastiki upande wa ndani. Weupe unaofuata maungio tu unaonyesha saruji iliyochanganywa kwenye mchanga wa kulazia, na weupe uliotapakaa kila mahali unaorudi kila mvua ni msingi unaoshika maji.

Huo wa mwisho ndio wa gharama, maana tiba yake ni kuinua vitofali. Chini kunatakiwa tabaka la kokoto zisizo na vumbi, walau milimita 100, ili maji yasipande, na juu yake mchanga mkubwa uliooshwa, milimita 25 hadi 40. Vumbi la kokoto hushindiliwa vizuri na mafundi hulipenda, lakini chembe zake laini hushika maji wiki nzima baada ya mvua. Mchanga wa ufukweni huleta chumvi yake mwenyewe. Ukiinua kitofali siku tatu baada ya mvua na mchanga ukafinyangika mkononi, msingi hautoi maji, na hakuna kusugua kutakakosaidia hadi utoe.

Kwa anayefyatua vitofali mwenyewe, uwiano wa maji kwa saruji ubaki chini ya 0.45, kokoto na mchanga vioshwe, na sehemu ya saruji ibadilishwe kwa majivu ya makaa ya mawe au unga wa metakaolini, yaani udongo mweupe uliochomwa. Hivi hula chokaa na kuigeuza kuwa gundi zaidi. Visipakiliwe kwenye mafungu vikiwa bado na jasho, na nailoni ifunike juu tu, pande zibaki wazi hewa ipite.